Siku Nakundwa Alipokuwa Maji

Haya, sogeeni karibu. Anayekalia mguu wa mwenzake auachie. Mko tayari? Basi twendeni tukamwone Nakundwa.

Nakundwa ndiye yule pale, mwenye kigauni cha njano na pengo mbele. Anakaa mlimani, katika kijiji cha Mrindoko.

Mrindoko pana mfereji. Ni mfereji mdogo tu, hata kuku anauruka. Maji yake yanaimba mchana kutwa. Chururu, chururu, chururu!

Maji hayo yanatoka msituni. Kwanza yanapita Juu, kwenye mashamba ya kina Nakundwa. Halafu yanateremka Bondeni, kwenye mashamba ya kina Senkondo.

Senkondo ni nani? Eh, hamumjui Senkondo? Ni rafiki yake Nakundwa. Wanacheza mdako pamoja, wanarusha vijiwe na kuvidaka. Wanagawana muwa. Wanacheka mpaka mbavu zinauma.

Sasa, maji ya Mrindoko yana zamu. Asubuhi ni zamu ya Juu. Jioni ni zamu ya Bondeni.

Asubuhi watu wa Juu wanaziba mfereji kwa majani ya mgomba na udongo. Maji yanageuka, yanaingia mashambani mwao. Jioni wanatoa kizibo. Hayooo, maji yanateremka Bondeni! Chururu, chururu, chururu!

Lakini siku moja jioni iliingia, na Baba Nakundwa alikuwa hajamaliza kumwagilia mahindi yake.

"Kidogo tu," akasema. Hakutoa kizibo.

Kule Bondeni, Baba Senkondo alikuwa anasubiri maji. Maharage yake yalikuwa yamenyauka. Akasubiri. Akasubiri. Halikuja hata tone.

Basi akachukua fimbo, akapanda mlima.

"Toa kizibo!"

"Kidogo tu!"

"Sasa hivi!"

"Kidogo tu!"

"Nimesema sasa hivi!"

Kisha, jamani, wakapigana. Watu wazima wenye ndevu zao!

Baba Nakundwa alivimba mkono. Baba Senkondo alitoka nundu kwenye paji la uso, kubwa kama limau.

Nakundwa aliona yote. Alikuwa nyuma ya mgomba. Moyo ulimwenda mbio, na machozi yakamtoka.

Toka siku hiyo watu wa Juu na watu wa Bondeni hawakusalimiana. Hata sokoni walipeana migongo.

"Usishuke Bondeni!" Baba alimwambia Nakundwa.

"Usipande Juu!" Baba Senkondo alimwambia Senkondo.

Nakundwa akacheza mdako peke yake. Akashinda. Akacheza tena, akashinda tena. Akachoka kushinda.

"Mama," akasema, "mimi namtaka Senkondo."

"Najua, mwanangu."

"Nitacheza naye lini?"

Mama alimkumbatia.

Basi, siku moja ngoma ikalia kwenye uwanja wa shule. Dum taka dum! Dum taka dum!

Watoto mbio! Nakundwa naye mbio!

Mpiga ngoma alikuwa Dada Sikudhani kutoka kijiji cha jirani. Dada Sikudhani ni fundi cherehani. Anapenda maigizo kuliko wali kwa kuku.

"Jumamosi tutaigiza hapa," akasema. "Ni mchezo wa kijiji kinachogombania maji. Waigizaji ninao. Lakini nahitaji mtoto mmoja. Nani atakuwa maji?"

Watoto wakacheka. "Mtu anakuwaje maji?"

"Mimi naweza!" akasema Nakundwa.

Akanyoosha mikono. Akakimbia akijipinda huku, akajipinda kule. Chururu, chururu, chururu!

"Ahaa!" Dada Sikudhani akapiga ngoma. "Maji tumeyapata!"

Akampa kanga ya bluu, ndefu, ya kuburuza nyuma.

"Sikiliza, maji yangu. Njia ikiwa wazi, unakimbia. Njia ikizibwa, unakaa chini."

"Na nikitaka kusema?"

"Maji hayasemi. Maji yanaimba tu."

Nyumbani, Baba akakunja uso. "Maigizo? Hayo si mambo ya watoto?"

"Na huyu ni nani kama si mtoto?" akauliza Mama.

Baba akavuta kikombe. Akanywa chai yake.

Jumamosi ikafika. Uwanja ukajaa watu.

Watu wa Juu walikaa kulia. Watu wa Bondeni walikaa kushoto. Katikati waliacha nafasi ya kupita ng'ombe.

Nakundwa akatazama kushoto. Nani yule, karibu na mama yake? Senkondo!

Senkondo akainua kidole kimoja, akakitikisa. Nakundwa naye akainua kidole kimoja, akakitikisa. Baba zao hawakuona.

Dum taka dum! Dada Sikudhani akasimama mbele.

"Shikamooni, wakubwa!"

"Marahaba!"

"Mchezo wetu una kanuni zake. Ukiona jambo baya, usikae ukilitazama tu. Piga makofi matatu! Waigizaji watasimama pale pale. Kisha wewe uje uigize unavyoona inafaa. Na sisi sote tutaimba hivi:

Pa! Pa! Pa! Simameni hapo!
Mwenye wazo zuri, aje papo hapo!"

Hebu na ninyi mnaosikiliza, tuimbe!

*Pa! Pa! Pa! Simameni hapo!*
*Mwenye wazo zuri, aje papo hapo!*

Vizuri. Kuna mmoja wenu amepiga makofi manne, lakini nimemsamehe.

"Kanuni ya pili," akasema Dada Sikudhani. "Akija mtu wa Juu, ataigiza mtu wa Bondeni. Akija mtu wa Bondeni, ataigiza mtu wa Juu. Hakuna kujiigiza mwenyewe. Mmesikia?"

"Tumesikia!"

Kusikia walisikia. Kuelewa, tutaona.

Mchezo ukaanza.

Akatoka kijana mmoja mwenye tumbo kubwa. Halikuwa tumbo lake, alikuwa ameweka mto wa kulalia ndani ya shati. Jina lake katika mchezo lilikuwa Bwana Kidogo Tu. Huyu alikuwa mtu wa Juu.

Akatoka kijana mwingine, na kofia iliyotoboka. Jina lake katika mchezo lilikuwa Bwana Sasa Hivi. Huyu alikuwa mtu wa Bondeni.

Wakatoka watoto watatu wadogo. Hao walikuwa maharage. Waliinamisha vichwa na kulalamika: "Kiu, kiu, kiu!"

Mwisho akatoka Nakundwa na kanga yake ya bluu. Chururu, chururu, chururu!

Bwana Kidogo Tu akaweka jani la mgomba mbele yake. Pwaa! Njia imezibwa. Nakundwa akaketi chini.

"Toa kizibo, maharage yangu yana kiu!" akalia Bwana Sasa Hivi.

"Kidogo tu," akasema Bwana Kidogo Tu. Akamimina chai. Akainywa kwa sauti. Fyuuu! Akashika tumbo lake. "Kidogo tu, nimalize na andazi."

Watu wa Bondeni wakacheka, wakapiga magoti yao. "Ndivyo walivyo! Ndivyo walivyo!"

Watu wa Juu hawakucheka. Na Baba Nakundwa? Masikio yalikuwa yamemwiva kwa hasira.

"Uongo huo!" akasema. "Sisi hatuko hivyo!"

Akapiga makofi matatu. Uwanja mzima ukaimba:

*Pa! Pa! Pa! Simameni hapo!*
*Mwenye wazo zuri, aje papo hapo!*

Baba akaenda mbele, kifua mbele. Akanyoosha mkono kuchukua lile tumbo la mto. Alitaka kumwigiza mtu wa Juu, mtu mwema, mpole, asiyekunywa chai.

"Hapana, Baba Nakundwa," akasema Dada Sikudhani. "Wewe ni wa Juu. Utaigiza wa Bondeni. Kofia yako hii hapa."

Mnaona? Si nilisema?

Watu wakaangua kicheko, wa kulia na wa kushoto. Baba akaitazama kofia. Akatazama watu. Kurudi kukaa ilikuwa aibu. Akaivaa ile kofia iliyotoboka, ikamshuka mpaka puani.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Baba Senkondo. Alicheka mpaka akasimama. Naye akapiga makofi matatu!

*Pa! Pa! Pa! Simameni hapo!*
*Mwenye wazo zuri, aje papo hapo!*

"Karibu, Baba Senkondo," akasema Dada Sikudhani. "Wewe ni wa Bondeni. Utaigiza wa Juu. Tumbo lako hili hapa."

Baba Senkondo akaacha kucheka. Lakini akaingiza mto ndani ya shati, akawa na tumbo.

Sasa Baba Nakundwa alikuwa mtu wa Bondeni. Baba Senkondo alikuwa mtu wa Juu. Na katikati yao, chini, alikaa Nakundwa. Maji yaliyozibwa.

"Haya, jirani," akasema Baba Nakundwa. "Ni jioni. Toa kizibo."

"Kidogo tu," akasema Baba Senkondo. Akamimina chai.

Watu wakacheka.

Baba akasubiri. Maharage yakainamisha vichwa. "Kiu, kiu, kiu!"

"Jirani, zamu yako imekwisha!"

"Kidogo tu." Fyuuu! Chai hiyo.

Haragwe moja dogo likamvuta Baba suruali. "Tuna kiu, jamani."

"Lakini ni zamu yangu!" Baba akapaza sauti. "Maharage yangu yanakufa, huoni?"

"Kidogo tuuu," akasema Baba Senkondo, akalipapasa tumbo lake.

Ah! Baba akaokota fimbo. Ilikuwa fimbo ya mchezo, imekatwa kwenye mgomba, laini tepetepe. Akaiinua juu.

Baba Senkondo akatupa kikombe. Naye akaokota fimbo ya mgomba, akaiinua juu.

"Mpige!" mtu akapiga kelele kutoka kulia.

"Usimwache!" mtu akajibu kutoka kushoto.

Watu wakaanza kusimama. Hakuna aliyecheka tena.

Nakundwa akamtazama baba yake. Fimbo ilikuwa ya mchezo. Uso wa Baba haukuwa wa mchezo. Ulikuwa uso wa siku ile.

Maji hayasemi, Dada Sikudhani alisema. Maji yanaimba tu. Lakini Nakundwa hakutaka kuimba. Aliiacha kanga, akasimama.

Pa.

Pa.

Pa.

Makofi madogo, madogo sana. "Simameni hapo," akasema. Hakuna aliyemsikia.

Hakuna? Alikuwapo mmoja. Kushoto, mtoto mmoja aliruka juu akapiga makofi kwa nguvu. Pa! Pa! Pa! Ni Senkondo huyo!

Yale maharage matatu nayo yakapiga. Watoto wa kulia wakapiga. Watoto wa kushoto wakapiga. Mama Nakundwa akapiga, na Mama Senkondo akapiga. Uwanja ukanguruma:

*PA! PA! PA! SIMAMENI HAPO!*
*MWENYE WAZO ZURI, AJE PAPO HAPO!*

Baba Nakundwa akasimama kama alivyo, fimbo juu. Baba Senkondo akasimama kama alivyo, fimbo juu.

Kimya.

"Maji yamesema," akasema Dada Sikudhani taratibu. "Haya, maji yangu. Una wazo gani?"

Nakundwa akafikiri.

"Sina wazo," akasema. "Naogopa. Baba, ukipigana mimi naogopa. Na ninataka kucheza na Senkondo. Basi."

Baba akaitazama fimbo iliyoko mkononi mwake. Akaiachia, ikaanguka chini. Akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Siku ile uliniona?"

"Nilikuona. Nilikuwa nyuma ya mgomba."

"Masikini mwanangu," akasema Baba. Akamkumbatia. "Pole. Pole sana."

Kisha akavua ile kofia, akamgeukia Baba Senkondo.

"Jirani, nimesimama hapa kidogo tu, na damu imeshanichemka. Na maharage yenyewe ni watoto wa watu! Wewe ulisubiri jioni nzima, na maharage yako yalikuwa ya kweli. Zamu ilikuwa yako. Nilikosea. Nisamehe."

Baba Senkondo akautoa mto ndani ya shati. Akaukunja mikononi, akaukunjua.

"Nami nilipanda kwako na fimbo," akasema. "Ningeweza kupanda na maneno tu. Nilikuumiza mbele ya mtoto wako. Nisamehe na mimi."

Wakapeana mikono.

"Aii! Polepole!" akalia Baba. "Mkono bado unauma!"

"Na nundu yangu je? Mke wangu anasema nimeota pembe!"

Wakacheka wote wawili. Uwanja mzima ukacheka, na safari hii hakuna aliyemcheka mwenzake.

Dum taka dum! "Jamani, mchezo haujaisha!" akaita Dada Sikudhani. "Maji bado yamezibwa!"

Nakundwa akaokota kanga yake haraka haraka, akaketi.

Baba akashika jani la mgomba upande mmoja. Baba Senkondo akashika upande wa pili. "Moja, mbili, tatu!" Wakalinyanyua pamoja.

Chururu, chururu, chururu! Nakundwa akakimbia, kanga ikimfuata nyuma. Akawapita maharage, maharage yakainua vichwa. Akampita Dada Sikudhani. Akatoka nje ya mchezo kabisa, kushoto, kwa watu wa Bondeni, moja kwa moja mpaka kwa Senkondo!

Akamzungushia kanga ya bluu. Wakaanguka chini wote wawili, wakacheka mpaka mbavu zikauma.

Hakuna aliyesema "Usishuke." Hakuna aliyesema "Usipande."

Siku hiyo hiyo wakubwa wakakaa pale uwanjani, wamechanganyika. Wakakubaliana. Kila jioni mtu mmoja wa Juu na mtu mmoja wa Bondeni watakwenda kutoa kizibo pamoja.

"Na fimbo zibaki nyumbani," akasema Mama Senkondo.

"Na atakayesema 'kidogo tu'," akasema Mama Nakundwa, "atakuwa haragwe katika mchezo ujao."

"Hata mimi?" akauliza Baba.

"Wewe ndiye wa kwanza!"

Jioni hiyo Senkondo alipanda Juu. Walikula makande. Walicheza mdako, na Nakundwa akashindwa. Alifurahi kweli kweli! Wakacheza tena, akashindwa tena.

Kisha wakaoga. Wakapanda kitandani. Na hapo, jamani, pakazuka ugomvi.

"Mimi nalala ukutani!" akasema Nakundwa.

"Hapana, mimi nalala ukutani!" akasema Senkondo.

"Kitanda ni changu!"

"Mgeni ni mimi!"

Baba akasikia, akasimama mlangoni. Akasubiri aone.

Nakundwa akamtazama Senkondo. Senkondo akamtazama Nakundwa.

"Basi," akasema Nakundwa, "leo lala wewe. Kesho nalala mimi."

"Sawa," akasema Senkondo, akajibanza ukutani.

"Kesho?" akauliza Baba. "Kwani Senkondo atalala hapa na kesho?"

"Ndiyo!"

"Na kesho kutwa?"

"Kesho kutwa mimi nitalala kwao," akasema Nakundwa. "Bondeni."

Baba akatabasamu.

"Haya," akasema. "Nitakusindikiza mwenyewe."

Akawafunika blanketi mpaka mabegani, akazima taa.

Na ninyi je? Leo nani analala ukutani?